Kiwanda cha korosho Mtwara hakifi kwa kukosa mashine

Kila Oktoba minada ikifunguliwa, wimbo ni uleule: korosho ghafi zinapakiwa bandarini Mtwara kwenda India na Vietnam, ajira zetu zinaondoka nazo, basi nunueni mashine mbangue hapahapa. Mheshimiwa atasema hivyo jukwaani, mchambuzi atarudia redioni, na kijana aliyeona bei ya mashine mtandaoni atakupigia simu kukuuliza mnasubiri nini. Jamani. Katika biashara hii mashine ndiyo kitu rahisi kuliko vyote.

Tulishawahi kuwa nazo. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na uwezo wake kwa pamoja ulipita tani 100,000 kwa mwaka. Wakati huohuo mavuno, yaliyokuwa kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, yaliporomoka hadi chini ya 20,000 kufikia 1986/87. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia, na bei haikumpa mkulima sababu ya kupalilia. Viwanda vikakosa cha kubangua. Baadhi yake baadaye viligeuzwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli.

Leo mikorosho ipo na salfa ya kuzuia ubwiriunga inapulizwa. Shida imehamia kwenye kalenda, na kalenda hainunuliwi mtandaoni.

Piga hesabu ya kiwanda cha wastani, tani 5,000 za korosho ghafi kwa mwaka, kama tani 17 kwa siku ukifanya kazi siku 300. Minada inaanza Oktoba, na ikifika Januari mzigo wa maana umeshaondoka. Chakula cha miezi kumi na miwili unakinunua ndani ya miezi mitatu. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, ili hesabu iwe nyepesi: hizo ni shilingi bilioni 15, na mnadani hakuna mkopo, ukishinda una siku chache tu za kulipa. Benki ikikupa kwa riba ya asilimia 15, na deni likapungua pole pole kadiri unavyouza, wastani wa deni kwa mwaka ni kama bilioni 7.5 na riba inapita bilioni 1.1. Kilo ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, inahitaji kilo nne hadi tano za korosho ghafi, kwa hiyo kiwanda hicho kitatoa kama tani 1,100. Gawanya. Riba peke yake ni takriban shilingi 1,000 kwa kila kilo utakayouza, na bado hujamlipa mtu wala hujawasha boila.

Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza kazi 2015 nje kidogo ya mji, hakina balaa hili. Mawe ya chokaa yako pale Novemba na yako pale Juni. Ndiyo maana nachoka mtu anapokitolea mfano kana kwamba viwanda vyote ni ndugu.

Sasa hapa ndipo watu hawataki kusikiliza. Mbanguaji wa Vietnam hanunui kwetu peke yetu. Afrika Magharibi inavuna kuanzia Februari hadi kama Juni, na jirani yake Cambodia inavuna miezi hiyohiyo. Sisi tunavuna mwishoni mwa mwaka, wakati maghala yake yamepungua. Yeye ana misimu miwili, anaweka akiba ya miezi michache, anageuza fedha ileile mara mbili kwa mwaka. Sisi tuna msimu mmoja. Tena, kwa kuwa korosho yetu inamfikia akiwa na njaa, anaipandia bei. Bei inayomfurahisha mkulima wa Tandahimba ndiyo hiyohiyo inayomtoa jasho mbanguaji wa Mtwara, na yeyote anayeahidi kuwaridhisha wote wawili kwa hotuba moja hajawahi kukaa mnadani.

Halafu kuna ghala. Korosho inapaswa kuingia na unyevu usiozidi asilimia 10. Gunia lenye asilimia 12 linaonekana sawa kabisa Desemba. Masika yakipita, ukifungua Mei unakuta ukungu na karanga zilizobadilika rangi. Panga juu ya chaga, acha njia kati ya magunia na ukuta, fungua milango siku kavu tu, na zenye wasiwasi zianike upya kabla hujazipanga. Kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayekuja kuipiga picha.

Ubanguaji wenyewe nitaupitia haraka. Unapanga korosho kwa ukubwa, unapika kwa mvuke, unaziacha zipoe hadi siku ya pili ili ganda likauke na kupasuka vizuri, unabangua, unakausha karanga kwenye nyuzi joto kama 70 kwa saa sita hadi nane, unamenya ngozi, unapanga madaraja, unafungasha kwa unyevu usiozidi asilimia 5. Pesa yote iko kwenye neno moja: nzima. Daraja la W320 maana yake ni karanga nzima zisizozidi 320 kwa pauni moja ya uzito, kama gramu 454. Karanga hiyohiyo ikipasuka vipande, utamu ni uleule lakini bei inashuka vibaya. Ukichanganya saizi kabla ya kubangua, kisu kinakosa ndogo na kukata kubwa katikati. Ukizidisha ukavu, zinavunjika wakati wa kumenya. Ukipunguza, ngozi haitoki na akina mama wanalazimika kukwangua kwa kisu. Mashine ya bei rahisi ile ya mtandaoni hupasua sana. Muuzaji atakutajia tani kwa saa. Wewe muulize asilimia ya nzima, uone atakavyobadilisha mada.

Na ushuru wa kuuza korosho ghafi nje? Ni asilimia 15 ya bei ya melini (FOB, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini) au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Nia yake ilikuwa kumlinda mbanguaji. Kwa kweli sina uhakika kama unamlinda. Mnunuzi wa nje akijua atalipa ushuru, anapunguza dau, kwa hiyo anayeubeba ni mkulima. Mbanguaji wa ndani anafaidi dau hilo la chini ikiwa tu ana fedha taslimu siku ile, na tumeshaona kwamba hana. Ukiufuta, huenda mkulima akapata nafuu na viwanda vichache vilivyopo vikafunga. Nimeshabadilisha mawazo juu ya hili, na nadhani nitabadilisha tena.

Wapo wanaotaja gesi asilia ya Mnazi Bay, hapohapo Mtwara, kama nishati ya kiwanda; siyo jibu hapa. Kiwanda cha korosho kina maganda, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mzigo, na boila inawaka kwayo. Kamua kwanza mafuta yaliyomo kwenye maganda, maana ukiyachoma hivihivi moshi wake unawasha macho ya mtaa mzima. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ni mada nyingine. Yanaharibika ndani ya siku moja, usiyaweke kwenye mpango wa biashara kama mapato ya mwaka wa kwanza.

Kabla hujaweka dau, fanya kipimo cha kukata. Chukua sampuli ya kilo moja kutoka magunia mengi, siyo ya mlangoni tu. Kata kila korosho, tenga nzuri, zenye madoa, tupu na zilizooza, kisha pima karanga nzuri, zikiwa bado na ngozi na unyevu wake, na ongeza nusu ya uzito wa zenye madoa. Gramu utakazopata zidisha kwa 0.1764, hizo ndizo pauni za karanga kwa gunia la kilo 80. Gramu 300 ni kama pauni 53, mzigo mzuri sana. Gramu 270 ni chini ya 48. Tofauti hiyo ya gramu 30, kwa tani 5,000, ni tani 150 za karanga ambazo umeshazilipia na hazimo ndani ya gunia.