Kura Yako Haimo Ndani ya Seva

Tangu usajili wa wapiga kura nchini Kenya uanze tena mwishoni mwa Septemba 2025, nimehudhuria mabaraza mengi ya elimu kwa umma, na swali la kwanza huwa lile lile. Kabla sijamaliza salamu, mkono unainuka nyuma: "Ofisa, hebu tuambie kwanza, hiyo seva iko wapi?" Yaani kompyuta kuu ya Tume ya Uchaguzi inayopokea matokeo. Wengine wanajua kabisa kwamba iko Ufaransa. Wengine wanasema Amerika ya Kusini. Wote wanaamini kuna mgeni mahali fulani atakayebonyeza kitufe usiku wa uchaguzi mkuu, tarehe 10 Agosti 2027, na hesabu ya nchi nzima igeuke.

Hofu hii haikutoka hewani, nami siidharau. Lakini imewafanya watu wengi waache kulinda mahali ambapo kura hukaa kweli, wakabaki kulinda mahali ambapo haipo.

Kifaa cha KIEMS unachowekea kidole kituoni kina kazi mbili tu. Asubuhi kinakutambua kwa alama za vidole, ili asije mwingine akapiga kura kwa jina lako. Usiku kinapiga picha ya fomu ya matokeo na kuituma. Hakijui ulimchagua nani. Kura yako ni karatasi, uliikunja kwa mkono wako ukaitumbukiza kwenye debe, na itahesabiwa kwa mikono ya watu ndani ya chumba kile kile ulichopigia. Kila kituo kina wapiga kura wasiozidi 700, kwa hiyo tunazungumzia karatasi zinazoweza kupangwa juu ya meza mbili za darasa.

Niieleze kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo ninayowafundisha wasimamizi wa vituo. Saa 11 jioni kituo hufungwa, na aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura. Tundu la debe huzibwa. Kura za urais ndizo huhesabiwa kwanza. Msimamizi hukunjua karatasi moja moja, huwaonyesha mawakala wote wa vyama na wagombea alama iliyowekwa, hutaja jina kwa sauti. Yenye utata huwekwa kando ijadiliwe. Wakala asiporidhika anaweza kudai hesabu irudiwe, ila haki hiyo ina kikomo cha mara mbili. Jumla huandikwa kwenye Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, na mawakala hutia sahihi. Wakala akikataa, aandike sababu. Kukataa kwake peke yake hakuyafuti matokeo, na hapa vyama vingi hujidanganya vikidhani wakala akisusia basi kituo kimekufa. Kila wakala aliyepo hupata nakala yake. Nakala moja hubandikwa mlangoni. Picha hutumwa, na fomu halisi husafiri hadi makao ya eneo bunge, kisha hadi kituo cha kitaifa.

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa katika kituo kimoja cha Pwani, darasa la pili la shule ya msingi. Ilipofika saa 8 usiku taa ya betri ilikuwa imeanza kufifia. Wakala mmoja alikuwa amelalia dawati la mtoto. Mwingine alishaondoka, kwa kuwa waliomtuma hawakumpa hata nauli ya kurudi. Aliyebaki macho ni binti mmoja, wakala wa mgombea huru wa udiwani, na kila jumla iliyotajwa aliiandika kwenye daftari la shule. Msimamizi, kwa uchovu, akaandika 217 badala ya 271. Binti akasema kwa upole, "Afisa, hapo umegeuza." Karatasi zikahesabiwa tena mbele ya wote, zikawa 271. Msimamizi akakata kwa mstari mmoja, akaandika nambari sahihi kando yake, akatia sahihi, na mawakala wakatia zao.

Kusahihisha kwa uwazi namna hiyo si jambo dogo. Majaji watano wa Malawi walifuta uchaguzi wa urais wa Mei 2019, katika uamuzi wa tarehe 3 Februari 2020, na moja ya mambo yaliyowakera ni fomu zilizosahihishwa kwa wino mweupe wa kufutia, usijue chini yake palikuwa na nini. Hakuna aliyehitaji kuvamia kompyuta.

Nirudi kwenye kituo kile cha Pwani. Asubuhi ile fomu ilikuwa mlangoni, gundi bado mbichi. Hatua kumi hivi kutoka pale, kwenye kibanda cha chai, wanaume sita walikuwa wakibishana kwa sauti kuhusu matokeo "yanayopikwa" Nairobi. Niliwauliza ni wangapi wamesoma matokeo ya kituo chao. Hakuna. Walikuwa wameipita fomu wakienda kunywa chai. Bado inaniuma.

Utaratibu huu wa mlangoni haukuletwa na wafadhili. Mwaka wa 2007 kura zilihesabiwa vituoni, lakini jumla zilipokelewa KICC, jumba la mikutano jijini Nairobi, nyingine kwa simu tu, na wengine waliopaswa kuzileta hawakupatikana hata kwa simu hiyo. Mshindi akatangazwa tarehe 30 Desemba na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilihitimisha mwaka uliofuata kwamba mchakato uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ndiyo maana Ibara ya 86 ya Katiba ya 2010 inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe kituoni bila kukawia. Na ndiyo maana, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua Juni 2017 kwamba matokeo yaliyotangazwa eneo bunge ni ya mwisho na hakuna afisa Nairobi mwenye mamlaka ya kuyagusa.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, majaji 4 dhidi ya 2. Neno "fungua seva" lilizaliwa hapo. Watu wanakumbuka seva na kusahau mengine: matokeo yalitangazwa kabla Fomu 34A za maelfu ya vituo hazijapokelewa, na baadhi ya fomu zilizoletwa mahakamani zilikosa alama za usalama. Seva ilizungumziwa sana kwa sababu mahakama iliamuru ifunguliwe na agizo halikutekelezwa kikamilifu. Makosa hayo yalikuwa yetu wenyewe, Wakenya. Sisi tunaofanya kazi hii tulijifunza kwa aibu, na aliyekuwemo asijifanye hakuwemo.

Kumbuka pia kwamba waangalizi wengi wa nje walikuwa tayari wameusifu upigaji kura ule. Mwangalizi wa kimataifa ana kibali cha kutazama na kuandika ripoti. Hatoi uhalali, wala hawezi kuuondoa. Ninyi ndio mnaoutoa.

Ndipo tukafika 2022. Julai, raia watatu wa Venezuela walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakiwa na stika zilizohusu uchaguzi. Walifanya kazi na Smartmatic, kampuni iliyopewa kandarasi ya teknolojia. Tume ilieleza kwamba stika zilikuwa lebo za kubandika kwenye vifaa vya KIEMS. Nakiri kwamba mwananchi alikuwa na haki ya kushtuka. Teknolojia yetu hutoka nje, na hata karatasi za kura zimekuwa zikichapishwa nje: Dubai mwaka wa 2017, Ugiriki mwaka wa 2022. Kuuliza nani ana funguo za mfumo ni swali zuri, na Mahakama ya Juu yenyewe ililijibu Septemba 2022. Ilipendekeza seva za uchaguzi zitenganishwe na zile za kazi za ofisi, na wakati wa uchaguzi zifikiwe na wafanyakazi wa Tume pekee isipokuwa pale inapolazimu kabisa. Mkikutana na Tume, ulizeni mapendekezo hayo yamefikia wapi. Swali hilo lina uzito kuliko "seva iko wapi."

Lakini mahakama hiyo hiyo ilikagua madai kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa. Fomu zilizoonekana kwenye tovuti ya umma zililinganishwa na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, na haikupatikana tofauti ya maana. Hili liliwezekana kwa kuwa karatasi ipo. Mvamizi wa kompyuta, hata awe hodari namna gani, hafiki mlangoni pa darasa la pili kubandua fomu, wala hafiki kwenye mifuko ya mawakala waliopewa nakala.

Piga hesabu hii pamoja nami. Mwaka huo mshindi alipata kura 7,176,141 na aliyemfuata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kama kura 5 kwa kituo. Kura 5 tu! Kosa la 217 na 271 ni kura 54. Sasa niambie ni wapi panapohitaji macho zaidi, kwenye seva usiyoiona au kwenye meza iliyo mbele ya wakala wako anayesinzia.

Mgeni anayetaka kuingilia uchaguzi wetu ana njia rahisi zaidi, nayo imo mfukoni mwako. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video ya siri ambamo wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni, walijisifu jinsi walivyoendesha kampeni nchini Kenya mwaka wa 2013 na 2017, kuanzia utafiti wa maoni hadi kuandika manifesto. Kujisifu kwa mfanyabiashara si ushahidi kamili, lakini kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi hapa si siri tena.

Tazameni Romania. Duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais ilifanyika tarehe 24 Novemba 2024, na Călin Georgescu, ambaye hakutarajiwa kabisa, akaongoza. Alikuwa ametangaza kwamba hakutumia hata senti moja kwenye kampeni, ilhali video zake zilijaa TikTok. Idara za usalama zilieleza mtandao wa akaunti kama 25,000 ulioamshwa wiki mbili kabla ya kura. Mahakama ya Katiba iliagiza kura zihesabiwe upya na tarehe 2 Desemba ikayathibitisha matokeo. Siku nne baadaye mahakama hiyo hiyo ikafuta uchaguzi wote, ukarudiwa Mei 2025. Uamuzi huo bado unabishaniwa, na wapo wanaosema mahakama ndiyo iliyowanyang'anya wananchi kura zao. Mimi ninachokitazama ni kwamba hesabu ya madebe haikuwa na tatizo. Kazi ilifanywa kabla mkono haujaishika kalamu.

Kwa hiyo ukipokea kwenye kundi la WhatsApp picha ya fomu yenye matokeo ya kutisha, usiisambaze kabla ya kutazama jina na nambari ya kituo, muhuri na sahihi, kisha uilinganishe na ile ya tovuti ya Tume. Na tafadhali msigawe nambari za vitambulisho ovyo. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Aliye na nambari yako na ya simu yako anajua pa kukutumia uongo.

Kuhusu sheria, niwe wazi, maana hapa watu hudhani tunatishia. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 17, inaadhibu anayeingilia teknolojia ya uchaguzi kwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Haijali kama ni mgeni au ni mjomba wako. Hongo iko kifungu cha 9: faini isiyozidi milioni 2 au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote. Anayepokea ana kosa kama anayetoa. Nasema tena, anayepokea pia. Kila baraza kuna mtu wa kuniambia "mimi nilikula tu pesa yake, kura nikapeleka kwingine." Sheria haina mlango huo. Upande wa fedha za nje, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaruhusu chama cha kigeni chenye itikadi moja na cha hapa kukipa msaada wa kiufundi, ila si mali.

Kwa haraka, hakuna kadi ya mpiga kura siku hizi: unakuja na kitambulisho au pasipoti uliyojisajilia. KIEMS ikigoma kusoma vidole, kuna njia mbadala kisheria, ikiwemo daftari lililochapishwa, kwa hiyo usirudi nyumbani kwa hasira. Wakenya wa ng'ambo mwaka wa 2022 walikuwa wapiga kura 10,443 katika mataifa 12, nao walichagua rais tu. Hesabu zao zilibandikwa kama zenu.

Asiyeridhika na matokeo ya urais ana siku 7 tangu kutangazwa kuwasilisha kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuiamua. Siku 14 ni chache mno kuanza kutafuta ushahidi ambao mlikuwa nao mlangoni asubuhi ya kwanza.

Baraza la mwisho nililohudhuria, baada ya maswali yote ya seva, mama mmoja muuza mboga aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kuipiga picha ile karatasi ya mlangoni, au atashikwa. Mama, unaruhusiwa. Imebandikwa pale kwa ajili yako. Subiri kupambazuke ili isomeke, simama karibu hadi nambari ya kituo ionekane juu na sahihi zionekane chini, ipige mara mbili.