Je, wajua kwa nini barua pepe ulizohamishia kumbukumbu hubaki pia kwenye kikasha?

Julai ikianza, wabunge wameshaondoka Dodoma na mwaka wa fedha umefungwa tangu 30 Juni. Kwenye ofisi za serikali za Mtumba, jijini humo, huu ndio muda wa kusafisha. Mtu anachagua barua pepe za mwaka mzima kwa mkupuo, anaziburuta hadi folda ya kumbukumbu, anaenda kunywa chai. Akirudi anakuta programu imeganda. Akiifungua upya, barua zilezile zipo kikashani, na kwenye kumbukumbu zipo pia, nyingine mara mbili.

Programu nyingi za barua huwasiliana na seva, yaani kompyuta inayotunza barua zako, kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986. Kwa miaka mingi itifaki hiyo haikuwa na amri ya kuhamisha. Programu ilibidi itoe amri tatu: nakili barua kwenye folda mpya, itie ya zamani alama ya kufutwa, kisha ondoa zote zenye alama. Ni kama karani wa masjala anayedurufu faili zima, akagonga muhuri kwenye karatasi za awali, ndipo azipitishe kwenye mashine ya kukatakata. Akiitwa kikaoni mara tu baada ya kudurufu, kabatini kuna mafaili mawili. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, matokeo ni hayohayo, na ukiburuta upya unaongeza nakala nyingine.

Amri moja ya kuhamisha iliongezwa Januari 2013, ila lazima seva na programu zote mbili ziifahamu. Moja isipoifahamu, zinarudi kwenye njia ya zamani.

Kero hii ina upande wake mzuri: kwa kuwa kunakili hutangulia kufuta, barua hujirudia, ni nadra kupotea. Kwa hiyo usifute kwa hasira. Ipe programu muda imalize kusawazisha na seva, fungua barua moja yenye kiambatisho kwenye kumbukumbu uone kama inafunguka, ndipo uondoe za kikashani. Safari ijayo hamisha mia mia.

Kuna kikwazo kingine, na nadhani ndicho kinachowachosha watu zaidi. Kikasha kimejaa, unahamisha ili upate nafasi, seva inakataa. Inakataa kwa sababu nakala nayo inahitaji pa kukaa kabla ya ile ya kwanza kuondoka. Anza na tupio: limwage lote. Na folda ya kumbukumbu ikiwa kwenye akaunti ileile, kwa kawaida inahesabiwa kwenye nafasi ileile, hivyo hujaokoa chochote. Nafasi hupatikana ukihamishia kwenye kompyuta yako, ambako kila barua inashuka nzima na viambatisho vyake. Kama unatumia bando la simu, subiri mtandao wa ofisi, na uwe na nakala kwenye diski nyingine.

Gmail ni habari tofauti. Huko kuweka kwenye kumbukumbu ni kuivua barua lebo ya kikasha tu. Yenyewe inabaki kwenye sehemu iitwayo "Barua zote", ndani ya GB 15 zilezile za bure. Mtu akijibu, mazungumzo yote yanarudi kikashani. Hiyo si hitilafu. Kama ni mjadala wa kundi usiokuhusu, tumia chaguo la kunyamazisha mazungumzo.