Mkaguzi Ametia Sahihi: Yanayosemwa Lubumbashi Kuhusu Hesabu za Kampuni, na Ukweli Wake

"Mkaguzi akishatia sahihi, pesa ziko salama."

Katika mkutano wa mwaka wa SARL (kampuni ya dhima yenye mipaka) moja hapa Lubumbashi, mzee mmoja mshirika aliinua ripoti juu, akauliza: "Hii sahihi si ya mkaguzi? Basi pesa zetu zilipotelea wapi?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Swali lile halijanitoka moyoni mpaka leo.

Ukweli ni kwamba sahihi ile ni maoni ya mtaalamu: kwamba hesabu, katika mambo yake makubwa, zinaonyesha hali halisi ya kampuni. Haithibitishi uaminifu wa meneja, wala haiahidi kwamba mwakani kampuni itakuwa bado imesimama. Wanaotengeneza hesabu ni viongozi wa kampuni wenyewe, na sheria ya OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara), inayotumika Kongo tangu Septemba 2012, inamkataza mkaguzi kuingilia uongozi. Akigundua jinai, hata hivyo, hana ruhusa ya kukaa kimya: lazima aijulishe ofisi ya mwendesha mashtaka.

"Ukaguzi ni kupiga mihuri kwenye makaratasi."

Hili linaniuma, maana kazi nimeifanya. Mwaka wangu wa kwanza tulitumwa kwenye bohari moja kuhesabu mifuko ya saruji. Rundo lilikuwa limepangwa vizuri, kingo zimenyooka. Ungehesabu mifuko ya upana, ya urefu na ya kimo, ukazidisha, kazi imekwisha. Mkubwa wangu akanitazama: "Kijana, panda juu." Nikapanda, vumbi la saruji likinijaa puani. Katikati ya rundo palikuwa patupu kama kisima. Kwenye daftari, shimo lile lilikuwa limeandikwa saruji. Saruji ile ikawa mali, na mali ile ikawa faida, kwa sababu kadiri bidhaa zilizobaki zinavyoandikwa nyingi, ndivyo gharama ya zilizouzwa inavyoonekana ndogo.

Mkaguzi hawezi kufungua kila mfuko wala kila risiti. Anachagua sampuli, anakwenda penye hatari. Kwa hiyo wizi uliofichwa kwa ustadi, hasa wakubwa wakishirikiana, unaweza kumpita hata aliye makini.

"Mambo hayo ni ya maduka. Kampuni kubwa za madini zina bodi."

Bodi ilikuwepo Katanga Mining pia. Mgodi wake uko Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Hisa zake nyingi zilikuwa za Glencore, kampuni kubwa ya madini ya Uswisi, nyingine zikiuzwa kwenye soko la hisa la Toronto. Mwaka 2017 ilibidi isahihishe hesabu zake za nyuma. Mwaka uliofuata, katika makubaliano na wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Ontario, ilikiri kwamba uzalishaji na shaba iliyobaki ghalani viliandikwa kupita kiasi, na kwamba udhibiti wa ndani ulikuwa dhaifu. Kampuni na baadhi ya viongozi wake walikubali kulipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Ni kisima kile kile cha saruji, ila safari hii cha shaba. Nasikitika kwamba shaba ilichimbwa kwetu na waliouliza maswali hadi wakajibiwa walikuwa Kanada.

"Tunauza kwa dola, basi daftari liwe la dola."

Hapana. Uuze kwa dola ukitaka, lakini hesabu rasmi zinatunzwa kwa faranga za Kongo na kwa Kifaransa, na vitabu vinahifadhiwa miaka 10.

"SARL yetu ni ya familia, mkaguzi hatumhitaji."

Inategemea. Mkaguzi ni wa lazima SARL ikitimiza mawili kati ya haya matatu: mizania (jumla ya mali ya kampuni) inayozidi milioni 125 za faranga za CFA, sarafu ya nchi nyingi za OHADA, mauzo yanayozidi milioni 250, wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 50. Kwetu viwango hivyo vinageuzwa kwa faranga za Kongo. Chini ya hapo ni hiari, lakini washirika wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji wanaweza kuiomba mahakama imteue.

"Mwenye hisa chache anyamaze."

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Mara mbili kwa mwaka wa hesabu, mshirika yeyote asiye meneja, hata mwenye hisa moja, anaweza kumwandikia meneja maswali juu ya jambo lolote linalohatarisha uhai wa kampuni. Meneja analazimika kujibu kwa maandishi ndani ya siku 15, na nakala ya swali na jibu ampelekee mkaguzi, kama yupo. Wenye moja ya kumi ya mtaji wanaweza pia kuomba mahakamani mtaalamu wa kuchunguza maamuzi fulani ya uongozi.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata yule mzee mlangoni nikamweleza haya. "Baba, hukuhitaji kungoja mkutano." Akanipa kalamu yake na ile ripoti, nikamwandikia kwa nyuma, kwa herufi kubwa: sheria ya OHADA ya kampuni, kifungu cha 157.