Je, wajua? Kwa nini TB sugu ya mgongo huweza kujitokeza kinenani

Mgonjwa hakohoi, picha ya kifua ni safi, ila ana uvimbe laini kinenani usio na joto wala wekundu. Ukipasuliwa kama jipu la kawaida, huweza kubaki kidonda kisichofunga, maana chanzo chake kiko juu, kwenye pingili za mgongo.

Vimelea vya TB hufika huko kupitia damu na kujikita upande wa mbele wa pingili, hasa za chini ya kifua na za juu ya kiuno. Mfupa huliwa polepole na usaha hujikusanya. Kisha usaha huteremka kwa kufuata msuli wa soasi, unaotoka kiunoni hadi juu ya paja, na kutokezea kinenani. Pingili zilizoliwa mbele husagika, mgonjwa akapata kibyongo. Uti wa mgongo ukibanwa, miguu hupooza.

Vimelea visiposikia isoniazidi na rifampisini, dawa mbili kuu za TB, hiyo ni TB sugu, na hapa makohozi hayasaidii kuigundua. Ushahidi uko kwenye usaha au kipande cha mfupa kinachotolewa kwa sindano. Kosa linaloumiza zaidi ni kutumbukiza sampuli yote kwenye fomalini. Fomalini huhifadhi nyama kwa ajili ya darubini lakini huua vimelea, navyo vikifa haviwezi kuoteshwa ili vijaribiwe kwa dawa. Sampuli igawanywe: sehemu moja fomalini, nyingine kwenye chombo safi chenye salaini (maji ya chumvi). GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya vimelea, huonyesha usugu wa rifampisini kwa takriban saa 2. Kuotesha huchukua wiki kadhaa, ila ndiko kunakoeleza dawa nyingi zaidi. Kwa kuwa mfupani vimelea ni vichache, jibu la "hakuna" halitoshi kumwondolea mtu shaka.

Mseto wa miezi 6 wa dawa za TB sugu, yaani bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, haukuhusisha TB ya mifupa wala ya ubongo. Matibabu ya mgongo basi huwa marefu, mara nyingi miezi 18 au zaidi, na linezolidi ikitumiwa muda mrefu huweza kuharibu neva. Ganzi yake kwa kawaida huanzia vidole vya miguu yote miwili. Miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukigoma kutoka, shuku uti kubanwa: mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.