Madhabahu ya Mithras hayakuwa mahali pa kuchinjia fahali

Karibu kila hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa katika Dola ya Kirumi, lilikuwa na sanamu yake akimchoma fahali kisu, ndiyo maana wengi huamini kwamba wafuasi wake Warumi nao walichinja mafahali juu ya madhabahu. Majengo yenyewe yanakataa. Yalikuwa vyumba vyembamba, kijia katikati na mabenchi pande mbili. Fahali angegeukia wapi? Mifupa inayofukuliwa humo mara nyingi ni ya kuku na nguruwe wachanga, masalia ya karamu.

Madhabahu mengi yalikuwa mawe ya kusimamishwa, ushahidi wa nadhiri iliyotimizwa. Huko Carrawburgh, kaskazini mwa Uingereza, makamanda watatu wa kikosi cha jeshi la Kirumi cha Wabatavi, kabila la Uholanzi ya leo, waliacha kila mmoja ya kwake. Yale ya Marcus Simplicius Simplex yamechongwa Mithras mwenye taji la miale iliyotobolewa: taa ikiwekwa nyuma, mwanga unapenya gizani. Chini kabisa zipo herufi nne, VSLM, ufupisho wa maneno ya Kilatini, yaani ametimiza nadhiri kwa hiari, kama ilivyostahili. Alichokuwa ameomba, kwa bahati mbaya, hakukiandika.