Kinachorusha mfuniko wa chemba ni hewa

Masika yakikolea Arusha, mifuniko ya chemba huanza kucheza, na mingine huruka kabisa. Watu husema mtaro umezidiwa na maji, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini kazi yangu ni kusanifu mitaro ya maji ya mvua, na kuna jambo hata sisi wahandisi hulipita haraka: mfuniko unaweza kuinuliwa na hewa iliyokosa pa kutokea, kabla maji hayajafika usawa wa barabara.

Mitaro yetu mingi ni ya mawe na iko wazi, kwa hiyo hewa haina shida nayo. Shida huanza tunapoyaingiza maji kwenye bomba la zege au kalavati ndefu ili juu yake ipite barabara. Bomba hilo tunaliita tupu, kumbe limejaa hewa. Maji yakiingia, hewa lazima itoke kwa kiasi hichohicho. Inamisha dumu la lita 20 lililojaa maji uone linavyokwama na kugugumia: maji na hewa vinagombea mdomo mmoja.

Sasa tazama mji wetu ulivyokaa. Maji ya Mlima Meru, wenye mita 4,566, hushuka kwa kasi kupitia Ilboru, Sekei na Sanawari, kisha ardhi inatulia kadiri unavyoelekea Unga Limited. Kwenye mteremko, maji hukimbia chini ya bomba yakiwa na kina kidogo, na hewa inashika nafasi ya juu. Yakifika sehemu tambarare hupungua mwendo ghafla, yanapanda na kutoa povu jeupe. Yakigusa dari ya bomba, njia ya hewa imefungwa upande huo. Ikiwa mdomo wa juu nao umezama, na chemba za katikati zimezibwa, hewa imenaswa, na maji yanaendelea kuingia.

Hapo piga hesabu. Mfuniko wa chuma wa kipenyo cha sentimita 60 na uzito wa kilo 60 hunyanyuliwa na mgandamizo sawa na ule wa maji yenye kina cha sentimita 21 tu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hewa ya huku, ujazo wa hewa iliyonaswa ukipunguzwa kwa chini ya asilimia 3, mgandamizo huo umeshapatikana. Ukiweka slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15, umefika sentimita 36 hivi. Kwa hiyo uzito peke yake si kinga.

Hatua ya pili ni mbaya zaidi. Hewa iliyonaswa husafiri juu ya maji hadi ikutane na chemba, kisha inapanda ikiyasukuma maji yaliyo mbele yake. Mjini Minneapolis, Marekani, handaki la maji ya mvua lilirusha maji juu sana kupita usawa wa barabara. Watafiti waliopima waligundua kwamba mgandamizo wa maji ndani ya handaki haukutosha kuyafikisha hata usawa wa ardhi. Hewa ndiyo iliyoyabeba.

Huku kwetu tunaongeza tatizo kwa nia njema. Mifuniko ya chuma inaibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu, basi fundi anaitwa, anamwaga zege juu ya chemba, mambo yamekwisha. Kwingine matundu ya mfuniko yanazibwa kwa matambara kwa sababu ya harufu na mbu. Nawaelewa wanaofanya hivyo, na chemba iliyo wazi inaua. Ila mfuniko wa zege unaweza kutengenezwa na matundu yake tangu kwenye fomu ya kumwagia zege, na hauna mnunuzi kwenye chuma chakavu.

Bomba la kupumulia liwekwe pale mteremko unapokatika, upande wa juu kidogo wa mahali maji yanapopanda. Wengi huliweka mwisho wa mtaro, ambako hewa imeshanaswa tayari. Ukubwa wake nao una mtego. Tundu dogo sana huiachia hewa polepole, na mgandamizo unabaki. Likiwa kubwa kidogo, hewa inaisha haraka, maji yanafika kwa kasi na kugonga mdomo wa tundu, na pigo hilo linaweza kupita mgandamizo wa hewa yenyewe mara nyingi. Ndiyo maana napendelea shimo pana lenye wavu wa nondo juu, maji yapate nafasi ya kupanda bila kugonga kitu, kuliko kipande cha bomba la inchi 2 kilichochomekwa ili mkaguzi akione.

Mvua ikinyesha, ukisikia mfuniko unapiga filimbi au ukaona majani na vumbi vinapeperushwa kutoka kwenye matundu yake, hewa inatoka chini kwa nguvu. Usisimame juu yake, usiegeshe bodaboda hapo, na waondoe watoto.