Mechi za Kabla ya Msimu Vyuoni Marekani: Kwa Nini Nyingine Huchezwa Milango Ikiwa Imefungwa

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, lakini timu nyingi huwa zimeshapimana nguvu wiki kadhaa kabla. Mechi hizo haziingii kwenye rekodi: ushindi hauhesabiwi, na kipigo hakihesabiwi pia. Tatizo ni kwamba matokeo yake yakishafika kwenye simu zetu, watu huyasoma kama ya ligi. Mzazi mwenye kijana anayesoma huko kwa ufadhili wa michezo, njia aliyopita Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochezea Chuo Kikuu cha Connecticut, huanza kupokea pole zisizo na sababu.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni mechi ya mazoezi ya faragha. Hakuna mashabiki wala waandishi, tiketi haziuzwi, na matokeo hayatangazwi rasmi. Waamuzi wanaweza kuwepo, ila makocha wawili ndio wanaokubaliana mchezo uende vipi. Watacheza dakika kumi, wafute pointi ubaoni, waanze upya sifuri kwa sifuri. Au wataweka dakika mbili tu kwenye saa, timu moja ikiwa nyuma kwa pointi nne, ili kijana wa mwaka wa kwanza ajue mapema mpira apewe nani na faulo ya makusudi ifanywe lini. Kwa kufundishia, naiona hii ndiyo bora kuliko zote, maana kocha anaweza kujaribu jambo likaharibika bila mtu kumzomea.

Ya pili ni mechi ya maonyesho. Hii huchezwa dakika zote 40, watu wamelipa viingilio, bendi inapiga, kamera zinarekodi. Kwa miaka mingi vyuo vikubwa vilialika vyuo vya madaraja ya chini. Faida yake mazoezi hayawezi kuitoa: kijana anasimama kwenye mstari wa mitupo huru, ukumbi umejaa, na kocha anaona kama mikono yake inatetemeka.

Mfano ninaopenda kuufundisha ni wa Novemba 2009. Syracuse, chuo chenye jina kubwa, kilifungwa 82-79 nyumbani kwake na Le Moyne, chuo cha daraja la pili kutoka mji huohuo. Kocha Jim Boeheim alikuwa akijulikana kwa ulinzi wa kanda, wachezaji wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja akilinda eneo lake. Usiku ule alijaribu sana kukaba mtu kwa mtu, na Le Moyne wakamwonyesha kwamba kikosi chake hakikuumbwa kwa ukabaji huo. Akarudi kwenye kanda. Mwezi huohuo wakawafunga North Carolina, waliokuwa mabingwa watetezi, 87-71 mjini New York, na msimu wakaumaliza na ushindi 30 na vipigo 5. Mechi ile ilifanya kazi yake barabara, ingawa mashabiki waliondoka wamenuna.

Zamani, timu mbili za daraja la kwanza zikitaka kucheza mbele ya watu kabla ya msimu, zilihitaji kibali maalumu, na mapato yaende kwa wenye shida. Oktoba 2017 Kansas na Missouri, mahasimu ambao hawakuwa wamekutana tangu 2012, walicheza Kansas City kuchangia waathirika wa vimbunga. Kuanzia msimu wa 2025-26, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, imeruhusu mechi za namna hiyo bila sharti la hisani. Matokeo yake tumeona Kentucky wakiwafunga Purdue 78-65 Oktoba 2025, wakati Purdue ndio waliopewa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya ubora ya kabla ya msimu. Ni burudani nzuri, na vyuo vinapata mapato, lakini nina wasiwasi kwamba makocha watapunguza majaribio wakijua taifa zima linatazama.

Ukibahatika kuitazama mojawapo, acha kwanza ubao wa pointi. Angalia nani wanaanzishwa kipindi cha pili, ulinzi unabadilikaje baada ya taimauti, na mpira unapelekwa mbele na nani pale wapinzani wanapokaba uwanja mzima.